Mlango Unaojifunga Wenyewe

Wanangu mnaokaa magorofani, leo nawapa habari ya mlango mmoja wa New York.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Januari 2022, asubuhi ya baridi. Kule Bronx kuna jengo la ghorofa 19 liitwalo Twin Parks North West, na humo ziliishi familia nyingi zenye asili ya Gambia. Katika fleti moja ya ghorofa za chini, hita ya umeme ikaleta hitilafu, moto ukawaka chumbani. Waliokuwemo wakakimbia, na walifanya sawa: moto ukiwaka, vitu huachwa, roho huokolewa.

Mlango wa fleti ile ulipaswa kujifunga nyuma yao. Sheria ya jiji inataka hivyo, kwa sababu anayekimbia moto hana nafasi ya kugeuka. Siku ile haukujifunga. Moshi ukamwagika koridoni, ukaingia kwenye ngazi. Huko juu, ghorofa ya 15, mlango wa ngazi nao ulikuwa wazi, basi moshi ukapanda kama kwenye bomba la jiko. Kengele ililia, lakini wakazi wengi walishazoea kuisikia ikilia bure. Ndimi za moto hazikwenda mbali. Ziliishia fleti ile na korido yake. Waliokufa ni watu 17, watoto 8 miongoni mwao, na wote waliuawa na moshi.

Ndiyo maana nasema mlango wako unamlinda jirani wa juu, hata yule usiyemjua jina.

Sasa utazameni mlango wa kuzuia moto kwa karibu. Ni mzito, na aina inayotumika sana Uingereza hustahimili moto kwa dakika 30. Pembeni mwake umepachikwa utepe mwembamba ambao ukipata joto huvimba na kuziba upenyo kati ya mlango na fremu. Juu kuna mkono wa chuma unaouvuta ujifunge. Vyote hivyo havifai kitu mtu akiweka tofali au kandambili mlangoni ili upepo upite. Joto la mchana nalijua, na mizigo ya sokoni naijua. Hata hivyo, liondoeni tofali hilo.

Baada ya moto wa Grenfell, London, ulioua watu 72 mwaka 2017, Uingereza iliweka kanuni mpya. Tangu Januari 2023, katika majengo ya fleti yanayozidi mita 11, milango ya korido na ngazi hukaguliwa kila miezi 3, na ya kuingilia fleti kila mwaka. Ninyi msingoje mkaguzi. Fungueni mlango nusu, uachieni, tazameni. Unatakiwa kurudi wenyewe mpaka kitasa kilie “ta!” Ukikwama njiani, mwambieni mama au baba ampelekee mwenye nyumba taarifa ya maandishi, siku hiyo hiyo, na nakala abaki nayo.