Habari za huku ni njema, ila…

Katika Kabazi ya utotoni mwangu, Kenya, barua ilikuja kwa sanduku la posta la shule, na majina yakasomwa gwarideni. Za shangazi yangu wa Uingereza zilikuwa karatasi nyepesi ya buluu, ile inayokunjwa ikajifanya bahasha. Mama alinikalisha jikoni nimsomee, kisha akanitajia majibu niandike. Kwanza salamu. Kisha, "Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako." Hapo tu ndipo habari zilipofuata: ng'ombe amezaa, mahindi yameharibiwa na baridi, mzee fulani hatunaye.

Sasa nimo Lowell, Massachusetts, na mimi ndiye ninayetumiwa habari. Ndiyo maana nimevutwa sana na barua zilizohifadhiwa Goa, India. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Utendi wa Tambuka, ambao wengi wetu tulifundishwa kuuanzia, ni wa 1728. Kwa hiyo wino wa Kiswahili wa kale zaidi tulio nao si wa shairi. Ni wa watu waliobaki nyumbani wakimpasha habari aliye mbali.

Aliyekuwa mbali ni Mwinyi Juma, na mbali kwenyewe ni Msumbiji. Miongoni mwa waliomwandikia ni Mfalme Fatima, mwanamke aliyetawala Kilwa. Nalipenda hilo jina, Mfalme Fatima; cheo ni kilekile, hakikutafutiwa kingine kwa sababu aliyekikalia ni mwanamke.

Habari hizo hazikuwa za kupitisha wakati. Mnamo Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka kwa Wareno, na nguvu ya Oman ikazidi kusukuma kusini. Msumbiji ilibaki kwa Wareno. Barua iliyotoka Kilwa kwenda huko ilikuwa inavuka kati ya mahasimu wawili. Nayo Msumbiji, hadi 1752, ilisimamiwa kutoka Goa, na ndiyo sababu maneno ya Kilwa tunayakuta leo upande wa pili wa bahari.

Chombo kilishuka kusini kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Jibu lilingoja upepo ugeuke, hata kama lilikuwa la neno moja.

Tena kuna suala la hati yenyewe. Kiarabu kina alama za irabu tatu tu, kwa hiyo katika uandishi wa zamani "e" ilijificha ndani ya "i", na "o" ndani ya "u". Kuku wa kufugwa na koko la tunda viliandikwa sawasawa, na "p" mara nyingi ilikaa kwenye herufi ya "b". Mgeni angeyatamka maneno yote na bado asipate kitu. Aliyejua mambo ya nyumbani ndiye aliyejua neno lipi limekusudiwa. Mimi naona hapo pana ukaribu mkubwa kuliko salamu zozote: mwandishi alimwachia rafiki yake nusu ya kazi, akiamini kwamba bado anawajua.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel lilipasuka Solai, jirani kabisa na kwetu Kabazi. Maji yalibeba nyumba na watu. Waliokufa walipita arobaini. Lowell ilikuwa bado mchana. Picha zilinifikia kwenye simu kabla sijamaliza zamu yangu, moja juu ya nyingine, bila jina la mtu wala la kijiji, nami nikazitazama nikitafuta mlima ninaoujua.

Kisha mama akapiga. Sauti yake ilikuwa imekauka. Lakini hakuanza na maji.

"Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo? Sisi huku tuko salama," akasema, akanyamaza kidogo. "Ila…"