Kuifumua Bustani Kabla ya Masika

Aliyeazimia kuifumua bustani ya nyumbani kwake hapa Unguja, akang'oa miti iliyochakaa na kuzihamisha njia, hana budi kuianza kazi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ili mvua za masika, ambazo aghalabu huanza Machi, zikute ardhi imekwisha tayarishwa.

Mfano tunao Mji Mkongwe. Bustani ya Forodhani, ilipofanyiwa ukarabati na Shirika la Utamaduni la Aga Khan kati ya 2008 na 2009, haikupambwa kwa maua pekee, bali ukuta wa bahari, mifereji, njia na taa vilishughulikiwa pia. Nami naona huo ndio utaratibu wa busara hata kwa ua mdogo: kwanza maji, kisha mimea. Nyumba zetu za mawe na chokaa hufyonza unyevu. Kwa hiyo ni hatari kubwa kulijaza udongo tuta lililoegemea ukuta, hata likipendeza namna gani.

Udongo nao wataka kujulikana. Magharibi ya kisiwa una kina. Bali kusini na mashariki, kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, mpandaji huchimba shimo pana na kulijaza samadi na udongo wa kuletwa.

Asumini na mrehani vyafaa karibu na baraza, vinukie jioni. Mlangilangi, maadamu hurefuka mno, na upandwe mbali na nyumba.