Skripti Inapokataa Kutekelezwa: Makosa ya Kawaida katika Unix na Linux

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ikishirikiana na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, iliendesha mradi wa ICT4RD mkoani Mara. Mradi huo uliunganisha Bunda na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kwa mtandao wa mawasiliano ambao ruta zake zilitumia Linux. Mfumo huu, uliotolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni wa jamii ya Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka 1969.

Mitambo ya namna hii hupewa kazi kwa skripti, yaani faili la maandishi lenye amri zinazofuatana. Umeme ukatikapo na kurudi usiku, skripti ndizo huuanzisha mtambo upya, wala hakuna mtu aliyeketi kando kusoma kioo. Skripti ikigoma, shule au zahanati inayotegemea kituo hicho hukosa mawasiliano mpaka fundi afunge safari.

Chukua mfano mdogo zaidi. Mwalimu mjini Tarime ameandika skripti ya kujumlisha alama za mtihani, jina lake jumla.sh, katika kompyuta ya Windows. Anaibeba kwa flashi hadi kwenye kompyuta ya Linux, anaandika ./jumla.sh, na kompyuta inajibu: "Permission denied", maana yake ruhusa imekataliwa. Katika Unix kila faili lina ruhusa tatu, nazo zina thamani: kusoma 4, kuandika 2, kutekeleza 1. Mwanafunzi aliyesoma hesabu za namba mbili ataona mara moja kwa nini jumla yoyote kati ya 0 na 7 haina utata. Amri chmod 755 jumla.sh humpa mwenye faili 7, kundi lake 5, na watu wengine 5. Wapo wapendao kuandika 777 ili kumaliza ubishi. Hiyo ni sawa na kuacha mlango wa ghala wazi, kwani yeyote aweza kuibadili skripti. Aidha, ruhusa hizi kwa kawaida hazihifadhiki ndani ya flashi, hivyo faili linakiliwe kwanza katika saraka ya mtumiaji.

Ruhusa imepatikana, lakini sasa unatokea ujumbe wa ajabu zaidi: faili halipo, ilhali mwalimu analiona kwa macho yake. Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Mstari wa kwanza wa skripti, #!/bin/sh, hutaja mkalimani, yaani programu itakayozisoma amri. Asiyeonekana ni mkalimani huyo, wala si skripti. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, namba 13 na namba 10. Unix hutumia 10 peke yake. Asili yake ni mashine za simu za maandishi, zilizofanana na taipureta: alama moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, nyingine ikasogeza karatasi. Linux huichukua alama 13 kuwa sehemu ya jina, ikamtafuta mkalimani asiyekuwapo.

Amri cat -v jumla.sh huifichua alama hiyo kwa sura ya ^M. Huondolewa hivi:

tr -d '\r' < jumla.sh > safi.sh

Faili safi.sh ni jipya, basi lahitaji chmod yake lenyewe. Kuandika sh jumla.sh kungekwepa suala la ruhusa na la mstari wa kwanza, lakini alama 13 zingebaki na kuziharibu amri zilizo ndani.

Kuna kosa jingine, la kimyakimya. Skripti iliyofanya kazi vizuri mchana yaweza kushindwa inapoitwa na cron, programu ya ratiba, kwa sababu cron hutafuta amri katika saraka chache tu. Yafaa amri ziandikwe kwa njia kamili, kama /usr/sbin/ip pale amri hiyo ilipo, na ujumbe wote wa makosa uelekezwe katika faili, ili fundi afikapo Mugumu asubuhi apate pa kuanzia.