Kufunga, bwaki na usafi wa seli

Mtu akikaa saa nyingi bila kula, homoni ya insulini inashuka, ya glukagoni inapanda, na ndani ya seli kazi ya usafi inashika kasi. Protini mbovu na mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizochakaa zinazungushiwa utando, zinapelekwa kwenye lisosomu, kifuko chenye asidi, na humo zinavunjwavunjwa ziwe malighafi mpya. Mbelgiji Christian de Duve, aliyegundua lisosomu mwaka 1955, aliipa kazi hiyo jina la otofajia mwaka 1963. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliinyima hamira chakula, akazitambua jeni zinazoiendesha, akapata Nobeli mwaka 2016.

Uzee unaingia hapa. Miaka inavyokwenda, usafi huu unazorota na taka zinarundikana, hasa kwenye seli za ubongo, ambazo hazigawanyiki. Mwaka 2003 timu ya Beth Levine, Marekani, ilichukua minyoo wadogo waliokuwa na umri mrefu kwa sababu ya jeni moja, ikazima jeni nyingine, ya otofajia: umri ule wa ziada ukapotea. Mwaka 2013 panya waliozidishiwa Atg5, nayo jeni ya otofajia, waliishi takribani asilimia 17 zaidi. Lakini hao ni panya. Anayekuahidi miaka ya ziada kwa siku tatu za maji matupu anakuuzia kitu ambacho sayansi haijampa.

Na sisi wa Kivu tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Panya asipokula siku mbili, ini lake linapoteza robo ya protini zake au zaidi. Akilishwa, linajengwa upya. Asipolishwa, mwili unaendelea kujila. Tena tumbo kujaa si kulishwa. Mtoto mwenye bwaki, ugonjwa ambao Tanzania wanauita unyafuzi, huenda anakula bugali ya muhogo kila siku, ila protini hapati: miguu inavimba, nywele zinapauka, ini linajaa mafuta. Panya waliopewa chakula chenye protini kidogo mno, katika utafiti wa mwaka 2016, walikutwa na mitokondria mbovu, zile zile ambazo otofajia ingepaswa kuziondoa, zimerundikana ndani ya ini.

Kule Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, hospitali ya watoto imetibu utapiamlo kwa miongo mingi. Watafiti waliwafuatilia watu waliotibiwa hapo utotoni kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa rika lao ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa wafupi zaidi, na mafuta ya tumboni yaliwazidi, pamoja na zile dalili zinazotangulia kisukari na maradhi ya moyo. Njaa ile haikuwasafisha.

Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anayefunga Kwaresima au Ramadhani afunge kwa amani, na jioni sahani yake iwe na sambaza au maharagwe, si bugali na sombe tu. Mtoto, mama mjamzito na anayenyonyesha wasitafute otofajia kwa kushinda njaa. Anayejidunga insulini asiruke mlo kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka mpaka akazimia.