Matembezi ya Familia Ziwa Nyasa na Rungwe: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Kulipa

Mji wa Tukuyu upo katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Mtoto anayekulia huko huzoea sweta, ukungu na mashamba ya chai. Lakini barabara inayoteremka kusini kuelekea Kyela humfikisha mahali tofauti kabisa. Mwinuko hupungua kwa takriban mita 1,000, mpunga na kakao huchukua nafasi ya chai, joto huongezeka, na mwisho wa safari hutanda mchanga wa Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya safu ya milima ya Livingstone. Kwa familia nyingi za Rungwe na Mbeya, Matema ndiyo pwani yao. Huko huenda kuogelea, kupanda mashua, kula samaki na kupumzika wakati wa likizo za shule na sikukuu.

Matatizo yanayoweza kuipata familia katika matembezi kama haya ni ya aina mbili: yanayohusu fedha na yanayohusu usalama. Watu wengi huyatenganisha. Fedha huonekana kuwa jambo la kujadiliana na mwenye nyumba ya wageni. Usalama huachiwa nahodha, dereva na Mwenyezi Mungu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini mambo hayo mawili hayatengani, na kwa nini mlaji ana nguvu zaidi kabla ya kulipa kuliko wakati mwingine wowote.

Bei kamili ni ipi?

Tuchukulie mfano. Mama mmoja wa Tukuyu, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, amepewa jukumu la kuwapangia wenzake na watoto wao safari ya siku mbili. Anaona tangazo lenye picha ya vyumba vinavyotazama ziwa, na bei inayosema "kuanzia shilingi 30,000". Anapiga simu. Anaambiwa nafasi zinakwisha, atume nusu ya fedha leo. Anatuma. Kikundi kinapowasili, kinaelezwa kwamba bei ile ni ya mtu mmoja, bila chakula. Kwamba vyumba vya kwenye picha vimechukuliwa. Na kwamba watoto wenye umri wa zaidi ya miaka mitano hulipiwa kama watu wazima. Jioni imeingia, watoto wamechoka, na gari lililowaleta limekwisha kuondoka. Katika hali hiyo, mama huyo hana namna ila kulipa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au aina ya huduma. Inakataza pia kutangaza bei ya chini kwa lengo la kumvuta mteja ilhali huduma hiyo haipo kwa kiasi cha kutosha, na inakataza kupokea malipo ya huduma ambayo mpokeaji anajua hataweza kuitoa. Hivyo basi, mama katika mfano wetu anayo haki. Lakini haki hiyo ataidai vizuri zaidi iwapo aliuliza maswali yafuatayo mapema na akahifadhi majibu yake:

1. Bei hii ni ya chumba au ya mtu? Ni ya usiku mmoja?
2. Chakula kipi kimo ndani ya bei, na kipi hakimo?
3. Watoto wanalipiwa kiasi gani, na kuanzia umri gani?
4. Je, kuna malipo ya kuingia ufukweni, ya kuegesha gari au ya kupiga kambi?
5. Vyumba vina vyandarua? Kyela ina joto na mbu wengi kuliko Tukuyu, na malaria si jambo la kupuuza kwa mtoto atokaye sehemu ya baridi.
6. Tukishindwa kufika, au ninyi mkishindwa kutupokea, fedha inarudishwaje?

Maswali haya yaulizwe kwa ujumbe wa maandishi, hata kama mazungumzo yalianza kwa sauti. Jibu lililoandikwa hukaa kwenye simu, bali lililosemwa kwa mdomo husahaulika, au hukanwa.

Malipo ya awali

Malipo ya awali si kosa. Mwenye nyumba ya wageni anayekuwekea vyumba kumi wakati wa sikukuu anakosa wateja wengine, na ni haki yake kutaka uthibitisho. Tunachoshauri ni kwamba kiasi hicho kiwe kidogo kadiri inavyowezekana, na kwamba kilipwe kwa njia inayoacha alama.

Malipo kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ni bora kuliko kutuma kwenye namba ya mtu binafsi. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Ikiwa jina hilo halifanani na la biashara wala la mtu uliyezungumza naye, simamisha malipo na uliza. Ujumbe wa ghafla unaokutaka utume fedha kwenye namba nyingine uchukuliwe kuwa wa kitapeli hadi utakapompigia mhusika kwa namba ya mwanzo na kuthibitisha. Ukishalipa, dai risiti halali ya kielektroniki. Risiti hiyo inaihusu kodi ya nchi, lakini pia ni shahidi wako.

Vivutio vya Rungwe njiani

Familia nyingi huunganisha safari ya ziwa na vivutio vya Rungwe: Daraja la Mungu lililojengwa na maumbile juu ya Mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe, Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, na Ziwa Ngosi, lililomo ndani ya shimo la volkano katika msitu wa Poroto.

Katika maeneo yaliyo chini ya taasisi za Serikali, kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na viwango vya raia hutofautiana na vya wageni kutoka nje. Anayekusimamisha njiani na kudai fedha taslimu bila kumbukumbu namba wala stakabadhi aulizwe kwa heshima anakusanya kwa niaba ya nani. Katika maeneo yanayosimamiwa na kijiji, omba stakabadhi ya kijiji.

Mwongozaji naye akubaliane nanyi bei kabla ya kuanza kutembea: ni ya kikundi kizima au ya kila mtu, na ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Njia ya Ngosi hupanda kupitia msituni, na ukingoni mteremko wa kuelekea kwenye maji ni mkali. Wakati wa mvua udongo huteleza. Mwongozaji mwema ndiye anayewaambia kwamba leo watoto waishie ukingoni, hata kama mmemlipa awafikishe chini.

Gari la kukodi

Kikundi kinachokodi basi dogo kihakikishe kwamba gari lina leseni ya usafirishaji ya kukodiwa kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na kwamba idadi ya abiria haizidi viti. Mtoto anayepakatwa naye ni abiria. Barabara kutoka Tukuyu kushuka Kyela ina mteremko mrefu na kona nyingi, na gari lililozidishwa watu husimama kwa shida zaidi linapofungwa breki. Kubalianeni pia dereva atalala wapi na atakula kwa gharama ya nani, kwa kuwa dereva asiyelala ni hatari ya siku ya kurudi.

Mashua: mahali ambapo fedha na uhai hukutana

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini. Upepo wa kusini, ambao huwa na nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, husukuma maji katika urefu huo, na mawimbi hukua kadiri yanavyosafiri. Matema ipo mwisho wa safari hiyo. Asubuhi ziwa laweza kuwa tulivu kama maji ya mtungini, na mchana likachafuka. Likizo ya Juni ya shule zetu imo ndani ya miezi hiyo hiyo. Tena ziwa hili ni bonde la ufa lililojaa maji. Kina chake kikubwa kinakaribia mita 700, na katika sehemu nyingi upande wa milima kina huongezeka ghafla.

Turudi kwa kikundi chetu. Kimelipa mashua mapema, kwa bei nafuu ya kikundi, ili kiende kijiji cha Ikombe kuona wanawake wa Kikisi wakifinyanga vyungu. Saa nne asubuhi upepo unaanza. Nahodha anatazama maji na kusita. Majaketi ya kuokolea maisha, ambayo wengi huyaita maboya, yapo manane. Watu ni kumi na wanne. Hapo mtu mmoja anasema: "Tumeshalipa." Na nahodha, ambaye fedha hiyo ameshanunulia mafuta, anawasha injini.

Hakuna katika mfano huu aliye mwovu. Lakini kila mmoja anapima hatari ya maji kwa mizani ambayo upande mmoja umekwisha kuwekwa fedha. Fedha iliyokwisha kulipwa humtia mtu ujasiri asiokuwa nao, na nahodha asiye na uwezo wa kurudisha malipo huona vigumu kusema hapana. Nchi yetu inaukumbuka msiba wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996, na ule wa kivuko cha MV Nyerere wa tarehe 20 Septemba 2018, vyote katika Ziwa Viktoria, vyote vikiwa vimebeba watu kuliko uwezo wake. Mashua ndogo ya matembezi hufuata kanuni ile ile ya maji.

Kwa hiyo tunashauri kwamba suala la upepo liamuliwe katika makubaliano, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ujumbe kama huu unatosha: "Tunalipa nusu sasa, nusu tukirudi. Upepo ukizuia safari, tutakwenda siku nyingine au tutarudishiwa fedha yetu. Kila abiria awe na jaketi linalomtosha." Nahodha mwangalifu atakubali kwa furaha, kwa sababu ujumbe huo unamlinda yeye pia. Akikataa, mtakuwa mmejua jambo la maana mkiwa bado nchi kavu.

Siku ya safari, angalia yafuatayo:

– Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wa siku hiyo, na waulize wavuvi.
– Uliza kama chombo kimekaguliwa na kusajiliwa. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.
– Hesabu majaketi na watu. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiwa majini. Mtoto avae la kwake, na livaliwe kabla ya kuingia chomboni.
– Ondokeni asubuhi, na mrudi mapema.

Kwa wanaoogelea, mtoto asiachwe peke yake hata kwenye maji ya kiunoni. Epukeni midomo ya mito, ambako mamba huweza kuwapo, na maji yaliyotuama penye majani, ambako konokono wa kichocho huishi. Pale ambapo sikukuu huletwa bembea au majumba ya hewa ya kurukia watoto, tazama kama yamefungwa imara ardhini na kama kuna mtu mzima anayeyasimamia.

Wajibu wa mlaji

Haki huambatana na wajibu. Mlaji afike kwa wakati aliokubali, atoe taarifa mapema akiahirisha, na asimshinikize mtoa huduma kuvunja taratibu za usalama. Kwa mama mfinyanzi wa Ikombe, kagua chungu kabla ya kununua: kigonge kidogo kwa kidole na usikilize, kwa kuwa chenye ufa hakilii vizuri. Ukiridhika, lipa bei mliyopatana. Kikivunjika ndani ya gari kwa sababu hukukifunga vizuri, hasara hiyo ni yako.

Mambo yakienda kombo

Anza na mtoa huduma mwenyewe. Mweleze kwa utulivu ulichoahidiwa, ulichopata, na unachotaka: kurudishiwa fedha, kupunguziwa bei au kupewa huduma uliyolipia. Mwoneshe ujumbe na risiti. Piga picha ya chumba, ya tangazo au ya chombo. Maneno "fedha hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani si ruhusa ya kuchukua fedha ya mtu na kumnyima alicholipia.

Usipopata suluhu, peleka lalamiko la maandishi: kwa Tume ya Ushindani ikiwa umepotoshwa kuhusu bei au huduma, kwa LATRA ikiwa ni gari, kwa TASAC ikiwa ni chombo cha majini. Ukiona utapeli, nenda polisi bila kuchelewa na uijulishe kampuni yako ya simu. Ukiona chombo kinazidishwa watu, usisubiri kurudi Tukuyu ndipo ulalamike: shuka na watoto wako, kisha toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au polisi waliopo hapo.

Fedha ya mashua inaweza kudaiwa kesho, hata kama itachukua miezi kurudi. Ndiyo maana tunamwomba mlaji aandike makubaliano yake mapema, ili siku ziwa litakapochafuka awe huru kuwaambia watoto kwamba leo watacheza mchangani.