Je, Aliyeokoka Aweza Kupotea?

Somo: Waebrania 6:1–12

Wenye Biblia karibu na waifungue sasa, maana tutarudi katika sura hii mara kwa mara.

Swali letu la leo ndilo ambalo sisi wachungaji wa huku Naro Moru huulizwa mara nyingi kuliko mengine, na mara nyingi huulizwa kabla ya mazishi. Kijana aliokoka, akashuhudia sokoni, akafundisha watoto Jumapili. Baadaye akaanza kulewa, akaliacha kanisa, ikapita miaka kumi au ishirini, kisha akafa. Wazazi wake huja kwa mchungaji jioni, wakauliza: je, mwana wetu alikuwa ameokoka kweli? Na kama alikuwa ameokoka, wokovu ule ulikwenda wapi? Wako na wengine ambao huuliza habari zao wenyewe, nao huuliza kwa sauti ya chini zaidi.

Jambo hili lina ugumu wake hapa kwetu kwa sababu majibu ni mengi. Nchi hii ilikuwa ya mashamba ya walowezi, na baada ya Uhuru wa 1963 mashamba mengi yaligawanywa, watu wakaja kutoka Nyeri ya chini, Murang'a, Kirinyaga, Meru na kwingineko. Kila mmoja alikuja na jembe lake na kanisa lake. Kwa hiyo katika barabara moja waweza kumkuta Mpresbiteri aliyelelewa katika mafundisho ya Tumutumu, Mmethodisti aliyetoka Meru, na Mwanglikana ambaye babu yake alibatizwa Weithaga au Kabare. Wote watatu huuza viazi soko moja, na wote wamesikia mahubiri tofauti juu ya neno hili.

Mpresbiteri amerithi Ungamo la Westminster la mwaka 1647, ambalo sura yake ya 17 yafundisha kwamba wale Mungu aliowaita kwa kweli hawawezi kuanguka moja kwa moja, hata kama wataanguka vibaya kwa muda. Kabla ya hapo Sinodi ya Dort kule Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, ilikuwa imeamua vivyo hivyo. Mmethodisti naye ni mwana wa John Wesley, ambaye mwaka 1751 alitoa kijitabu kuonyesha kwamba mtu aliyekuwa mtakatifu kweli aweza kuiacha neema na kupotea. Wesley aliishi na kufa akiwa kasisi wa Kianglikana, jambo ambalo Waanglikana na Wamethodisti wote wawili husahau.

Na sisi Waanglikana? Vifungu vyetu 39 vya Dini vilikamilishwa mwaka 1571, na Kifungu cha 16 chasema kwa ufupi kwamba mtu akiisha kumpokea Roho Mtakatifu aweza kuiacha neema aliyopewa na kuanguka dhambini, na tena kwa neema ya Mungu aweza kuinuka. Hakisemi kama mtu huyo aweza kuanguka asiinuke kamwe. Wako waliotaka kiseme zaidi. Mwaka 1604, katika mkutano wa Hampton Court mbele ya Mfalme James, Mpuriti John Rainolds aliomba yaongezwe maneno machache kuonyesha kwamba mwamini haanguki kabisa wala kwa mwisho. Ombi hilo halikukubaliwa, na kifungu kimebaki kama kilivyokuwa. Wengine hukilaumu kwa kukosa msimamo. Sisi twaona kwamba waliokitunza walijua mchungaji atakutana na watu wa namna mbili, mwenye kiburi na mwenye hofu, na kwamba neno linalomfaa mmoja laweza kumwua mwingine.

Lakini katika vijiji vyetu fundisho hili halikuletwa na Dort wala Hampton Court. Lililetwa na wandugu wa Uamsho, wale tunaowaita ahonoki. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1937 ukafika Kabete. Wandugu walitufundisha kutembea nuruni, kuungama dhambi kwa majina yake, kurudisha jembe lililoibwa na deni lililofichwa. Walitufundisha pia maneno ya kupimana: huyu amepoa, yule amerudi nyuma. Tunawashukuru kwa hayo ya kwanza. Kuhusu kupimana, yatupasa kusema wazi kwamba kuliwafanya wengine waokoke upya kila mwezi, kana kwamba damu ya Kristo hukauka. Uganda kulitokea hata mgawanyiko, pale Yona Mondo na wenzake waliojiita Waliofufuka walipodai kwamba ndugu wa zamani wamelala, wakaweka makatazo makali, hata ya kukopa pesa. Mgawanyiko ule ulivuka mpaka ukafika Kenya. Ndugu waliokula pamoja miaka mingi wakaacha kusalimiana.

Basi Maandiko yasemaje? Yasema mambo mawili, na yote mawili kwa nguvu. Katika Yohana 10:28–29 Bwana asema kondoo wake hawatapotea, wala hakuna awezaye kuwapokonya mkononi mwa Baba. Katika Wafilipi 1:6 Paulo ana hakika kwamba aliyeanza kazi njema ataimaliza. Lakini huyo huyo Paulo, katika 1 Wakorintho 10:12, amwonya anayedhani amesimama asije akaanguka, na mwandishi wa Waebrania aandika maneno ya kutisha katika somo letu. Tusichague upande mmoja na kuufunika mwingine.

Tazameni Matendo 27. Merikebu imo katika dhoruba, na malaika amemwahidi Paulo kwamba hakuna hata mtu mmoja atakayepotea. Ahadi ni kamili, haina sharti. Kisha mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua, ndipo Paulo akamwambia akida kwamba hao wasipobaki merikebuni, wengine hawawezi kuokoka. Je, Paulo alikuwa ameacha kuiamini ahadi? Hasha. Onyo lile ndilo lililokuwa njia ya ahadi kutimia. Askari walilisikia, wakakata kamba za mashua, na wote wakafika pwani wakiwa hai.

Vijana wetu wengi hapa hupata riziki kwa kuwaongoza wageni mlimani, kupita kituo cha hali ya hewa, kisha ile nchi ya tope na majani marefu, hadi kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Waulizeni watawaambia. Mwongozaji mwema husema njia nzima: hapa pana barafu, usikanyage, kichwa kikikuuma sana niambie, tutashuka. Mgeni hawezi kusema, "Huyu ananionya kwa sababu ameamua kuniacha." Ananionya kwa sababu anataka kunirudisha Naro Moru nikiwa mzima. Ndivyo tunavyoyaelewa maonyo ya Maandiko: ni mojawapo ya njia ambazo Mungu huwashika walio wake.

Sasa twende Waebrania 6. Mstari wa 4 hadi wa 6 wasema kwamba waliotiwa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni na kumshiriki Roho, kisha wakaanguka, haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu, kwa kuwa wanamsulibisha Mwana wa Mungu tena. Mambo matatu yafaa kuangaliwa hapa. Kwanza, mwandishi hazungumzi juu ya dhambi moja ya udhaifu. Wasomaji wake walishawishiwa kumkana Kristo mwenyewe na kurudi walikotoka ili waepuke mateso. Pili, katika Kiyunani kule kumsulibisha kumeandikwa kama tendo linaloendelea, na wako wafafanuzi wasomao hivi: hawawezi kufanywa upya wakiwa bado wanaendelea kumsulibisha. Si wote wakubalio, lakini hata asiyekubali ataona jambo la tatu, kwamba katika mstari wa 9 mwandishi awaambia wasomaji kuwa kwa habari yao amesadiki mambo yaliyo bora zaidi.

Mfano wake tunaujua sana sisi tunaolima upande huu mkavu wa mlima. Mashamba mawili hunywa mvua ile ile. Moja latoa mboga, lingine latoa miiba. Mkulima hatambui shamba kwa mvua iliyonyesha mwaka juzi, bali kwa kinachoota sasa. Kwa hiyo anayesema, "Mimi niliokoka mwaka fulani, tarehe fulani," na leo ampiga mke wake wala hajali, sisi hatuna ahadi ya kumpa kutoka Yohana 10. Kondoo wa pale huisikia sauti na kufuata. Tarehe haifuati mtu.

Lakini aliyeanguka, sasa alia kwa ajili ya kuanguka kwake, na adhani Waebrania 6 imemfungia mlango? Huyo tunamwambia kwamba sura hiyo yazungumza juu ya mtu asiyeweza kutubu, naye tayari anatubu. Moyo mgumu hauogopi kwamba ni mgumu.

Kanisa la Afrika limelipima jambo hili zamani sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu ya Rumi na kupata hati ya kuthibitisha. Katika mji wa Carthage, ulio Tunisia ya leo, Wakristo wengi walitoa dhabihu, na wengine wakainunua hati bila kutoa. Mateso yalipopoa wakarudi mlangoni mwa kanisa wakilia. Huko Rumi Novatian akasema wasipokewe kamwe. Askofu Cyprian na mkutano wa maaskofu wa mwaka 251 waliamua vingine. Walionunua hati wapokewe baada ya kuchunguzwa, na waliotoa dhabihu wakae katika toba na wasinyimwe wakiwa katika hatari ya kufa. Muda mfupi baadaye, mateso mapya yalipokaribia, waliotubu wote wakafunguliwa mlango, ili wapate nguvu ya kusimama safari hii. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Jambo kama hilo lilitupata sisi. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na katika Nyeri, Murang'a na Kiambu washiriki wengi walikula kiapo, wengine kwa kupenda, wengine usiku kwa kulazimishwa. Kutaka ardhi na uhuru hakukuwa dhambi, na hatutaki mtu asikie hivyo hapa. Lakini wako waliosema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na wengine wao wakauawa. Wengi wa wandugu hao walikataa pia bunduki za serikali. Na wako waliokula kiapo huku dhamiri zao zikiwashitaki. Hao wa mwisho walirudi. Wazee walitusimulia jinsi watu walivyosimama mbele ya ushirika wakaungama, wakakaa nje ya Meza ya Bwana kwa muda, kisha wakapokewa. Haikuwa rahisi kwa mjane wa aliyekataa kukaa benchi moja na aliyekubali. Tena kuungama huko kusichanganywe na kule kwa kambini, ambako maofisa walidai watu waungame kwa sababu zao wenyewe.

Tuongeze neno moja kwa sababu huulizwa. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti iliwataka washiriki watie alama ya kidole, ile kirore, kukataa tohara ya wasichana, na wengi wakatoka wakaanzisha shule na makanisa yao. Tohara ile hatuitetei, na sheria ya nchi yaikataza. Lakini kufutwa katika daftari la misheni si kufutwa katika kitabu cha uzima. Daftari huandikwa na wanadamu.

Turudi kwa wazazi wale wa jioni. Tunawajibuje? Katika Wakolosai 4:14 Dema yuko pamoja na Paulo akituma salamu. Katika 2 Timotheo 4:10 Paulo aandika kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu. Hapo habari yake yaishia. Paulo hakuandika kwamba hakuwa ameokoka tangu mwanzo, wala hakuandika kwamba alikufa akiwa amepotea. Aliandika alichokijua, na uchungu wake wasikika. Sisi nasi tukisimama kando ya kaburi hatuna ruhusa ya kusema zaidi ya hapo. Mhubiri anayemtumia marehemu kuwatisha walio hai, huku mama yake ameketi pale mbele, asema jambo asilolijua. Na yule anayemtangaza kila marehemu kuwa yuko na Bwana, kwa sababu familia imetoa mchango mzuri, naye vilevile. Twaweza kumkabidhi mikononi mwa Mungu, ambaye ni mwenye haki na rehema kuliko sisi, tukanyamaza.

Na wewe uliyeuliza kwa sauti ya chini, yako mambo ya kufanya juma hili. Nenda kwa mchungaji wako, wa kanisa lolote ulilobatizwa. Hutabatizwa mara ya pili, ubatizo haurudiwi. Usitafute tarehe mpya ya kuokoka ili wandugu waridhike. Liite kosa kwa jina lake. Kama ulimwacha mke, nenda kwake kwanza. Kama ni deni, peleka hata shilingi za mwanzo. Huenda ukaombwa ukae kidogo kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Kaa, usikasirike.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasoma Yohana 21, pale Petro anapoulizwa swali moja mara tatu.