Kwa nini bibi hakuwa akinywa maji?

MAJIRA ya joto ya mwaka juzi, jirani alimkuta mama mkwe wa dada yangu amekaa sakafuni jikoni, ameegemea jokofu, hakumbuki ni siku gani. Nje nyuzijoto zilikuwa 38. Dirisha lilikuwa wazi na feni inazunguka. Kiyoyozi alichonunuliwa na mwanawe kilikuwa ukutani, kimezimwa, na rimoti yake bado imo ndani ya mfuko wa nailoni iliyokuja nayo.

Alilazwa siku nne akiongezewa maji. Alipotoka, daktari alisema mambo mawili tu: awashe kiyoyozi na anywe maji. Bibi huyo mwenye miaka 79 aliinamisha kichwa kwa heshima, akaitikia yote, akarudi nyumbani na kuendelea kama zamani.

Dada yangu ameolewa Japani, anaishi Kumagaya katika mkoa wa Saitama, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Ni mji unaojulikana nchini humo kwa joto. Julai 23, 2018 kipimo cha hapo kilifika nyuzijoto 41.1, na wakati huo hakuna mahali Japani palipokuwa pamewahi kurekodi joto kubwa kuliko hilo. Kati ya Mei na Septemba mwaka huohuo, zaidi ya watu 90,000 nchini humo walikimbizwa hospitali na magari ya wagonjwa baada ya kuzidiwa na joto. Karibu nusu yao walikuwa na umri wa miaka 65 na kuendelea.

Basi mwaka jana shule zilipokaribia kufungwa mwishoni mwa Julai, dada alinipigia simu. Alijua nina likizo na nimedunduliza nauli.

“Mdogo wangu, njoo. Safari hii hatumwachi Mama peke yake na joto hili. Tunakwenda naye kaskazini.”

Bibi alikataa

Kumbe mwenyewe hakutaka kwenda. Alisema fedha za safari ziwekwe kwa ajili ya masomo ya wajukuu. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Katikati ya Agosti ni Obon, siku ambazo familia za Kijapani husafisha makaburi na kukaribisha nyumbani roho za wazee wao. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. “Nani atampokea nisipokuwepo?” aliuliza.

Shemeji yangu hakubishana na mama yake. Alileta kalenda, akampigia hesabu: wangeondoka mwanzoni mwa Agosti na kurudi tarehe 10, siku tatu kabla ya Obon kuanza. Bibi akaitazama ile kalenda kwa muda mrefu, kisha akaenda kufungasha.

Tuliruka kutoka Tokyo hadi Wakkanai, mji ulio ncha ya kaskazini ya Hokkaido, safari ya karibu saa mbili. Kutoka hapo tulipanda feri kwa karibu saa mbili nyingine hadi bandari ya Kafuka, kisiwani Rebun. Njiani ulionekana mlima Rishiri, wenye urefu wa mita 1,721, ukisimama juu ya kisiwa jirani kama vile umeota kutoka baharini. Watoto walishangilia. Bibi alivaa sweta.

Kisiwa cha baridi

Rebun ina wakazi wasiofika 3,000. Iko kwenye latitudo ya 45 kaskazini, imezungukwa na bahari ya baridi, na ukungu huifunika mara kwa mara wakati wa kiangazi. Kutokana na hali hiyo, maua ambayo sehemu nyingine za Japani huota juu milimani, hapa yanaota karibu kabisa na usawa wa bahari. Yako ya takriban aina 300, na ndiyo maana Wajapani hukiita kisiwa cha maua.

Wakati simu ya dada ilikuwa ikilia kila asubuhi kwa tahadhari ya joto la Kumagaya, sisi tulikuwa kwenye nyuzijoto 20 na ushei. Nyumba ya wageni tuliyofikia haikuwa na kiyoyozi. Chumbani kulikuwa na hita.

Siku ya pili bibi alikuwa mtu mwingine. Kumagaya nilimwona akitembea kutoka chumbani hadi sebuleni na kupumzika. Hapa alipanda na wajukuu njia ya vilima hadi karibu na mwamba wa Momoiwa, akisimama kila penye ua na kulitaja jina. Ufukweni alizungumza na wanawake waliokuwa wakianika mwani uitwao kombu juu ya mawe, kazi iliyonikumbusha akina mama wa Paje, Zanzibar. Jioni alikula wali uliowekwa juu yake uni, yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu. Akamaliza bakuli.

Ila jambo moja halikubadilika. Chupa yake ya chai ya shayiri, ambayo Wajapani huinywa ya baridi kipindi cha joto, ilirudi jioni karibu imejaa kama ilivyotoka asubuhi.

Mjukuu na maji ya kijito

Mjukuu wake mdogo, wa miaka saba, alikuwa na tatizo la kinyume. Siku ya tatu aliinama kwenye kijito kutaka kunywa kwa viganja. Bibi, ambaye siku zote huongea taratibu, alipiga kelele.

Alikuwa na sababu. Miaka ya 1920 mbweha kutoka visiwa vya Kuril waliletwa Rebun ili wale panya waliokuwa wakiharibu miti, na pia kwa ajili ya ngozi zao. Hakuna aliyejua kwamba walikuja na mnyoo wa jamii ya tegu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbweha au mbwa, huingia kwenye maji na mboga, na mtu akiyameza hujenga uvimbe kwenye ini, taratibu, kwa miaka mingi kabla dalili hazijaonekana. Zaidi ya wakazi 100 wa kisiwa hiki kidogo waliugua.

Wakazi wa Rebun waliutokomeza ugonjwa huo kwa kuwaondoa mbweha wote na mbwa wao wenyewe. Hata hivyo, miaka ya 1960 uligundulika mashariki mwa Hokkaido, na leo mbweha wa kisiwa hicho kikubwa bado wanaubeba. Ndiyo maana wasafiri hushauriwa wasinywe maji ya mito bila kuyachemsha, wasiwalishe mbweha na wanawe mikono baada ya kushika udongo. Wafugaji wa Turkana nchini Kenya na baadhi ya Wamasai wanamjua ndugu wa mnyoo huyu, anayepita kwa mbwa na mifugo.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza

Usiku huo, watoto wakiwa wamelala, tulikaa na bibi tukinywa chai. Dada alikuwa akinitafsiria. Nilimwambia bibi kwamba nimeona anavyojua hatari ya maji machafu, nikamuuliza kwa nini yeye hanywi hata yaliyo safi.

Alinyamaza. Nilidhani nimemkosea heshima. Kisha akaeleza.

Nyumbani kwake chumba cha kulala kiko ghorofani na choo kiko chini. Ngazi ni nyembamba na kali. Mumewe aliteleza kwenye ngazi hizo usiku akienda chooni, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena kitandani hadi alipofariki. Tangu hapo bibi huacha kunywa chochote kuanzia saa tisa alasiri, ili asilazimike kuamka usiku.

Shemeji aliweka kikombe chini. Kwa miaka sita alikuwa akimsihi mama yake anywe maji, na hakuwahi kuuliza kwa nini hanywi. “Na kiyoyozi?” aliuliza kwa sauti ndogo. Bibi akasema upepo wake unamuuma magoti, lakini hakutaka kumwambia mwanawe kwa kuwa alikigharamia.

Kitabibu, hofu ya bibi ilikuwa inakutana na mwili wa uzeeni. Mtu anavyozeeka hisia ya kiu hupungua, jasho hutoka kidogo, na baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Akijinyima maji tangu alasiri, analala na kuamka akiwa na upungufu, na joto la kesho yake linamkuta hivyo.

Tulirudi tarehe 10. Kesho yake shemeji alishusha kitanda cha mama yake kwenye chumba cha chini, hatua chache kutoka chooni, akaweka taa ndogo njiani. Kiyoyozi kilihamishiwa humo na upepo wake ukaelekezwa juu, mbali na magoti. Tarehe 13 bibi aliwasha taa za kumpokea mumewe. Pembeni yake palikuwa na chupa ya chai ya shayiri, nusu.

Muulize wako

Hata sisi tunaoishi na joto la Desemba hadi Machi tuna wazee wa namna hii. Mpe maji kidogo kidogo kuanzia asubuhi bila kusubiri aseme ana kiu, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Akilalamika kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu au kukaza misuli, mtoe kwenye joto, mlegeze nguo, umpepee na umwekee kitambaa chenye maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akichanganyikiwa au kupoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Kabla ya hayo yote, muulize. Niliporudi Dar es Salaam nilimpigia bibi yangu aliyeko Muheza, ambaye choo chake kiko nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini gizani. Nilimuuliza huwa anakunywa maji mwisho saa ngapi.

Alicheka. “Jua likizama, mjukuu wangu, mimi na maji basi.”